Kofia za Jamvini

Siku ile tuliokuwapo ni hawa. Dubai, mtaa wa Al Twar, ndani ya saiba, yaani duka la intaneti, la Bi Zuwena: Bi Zuwena mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake cha matakia karibu na kiyoyozi, mimi Kioko, kwenye mashine ya mlangoni, dada yangu Mwende, kitinda mimba wetu, nyuma ya bega langu, akitafuna kucha, na Wafula, mchumba wake, kwenye mashine ya ukutani, amevaa tai ingawa wazee aliowavalia walikuwa ng'ambo ya bahari. Machakos, kwenye saiba iliyo juu ya duka la viatu: mjomba wetu Mutua, pamoja na mama mwenye saiba hiyo, aliyemwandikia kwa sababu mjomba na kibodi hawakuwahi kupatana. Bungoma, kwenye saiba nyingine: Mzee Barasa, baba mkubwa wa Wafula, na wazee wenzake, na mpwa wao mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyejiita Jogoo. Na Bawabu, ambaye si mtu. Huyo nitamweleza.

Nimewataja wote mapema ili baadaye asije mtu akasema hakuwapo. Mjomba Mutua aliwahi kujaribu.

Nyinyi vijana mnaosimamia makundi ya simu, ya kanisa, ya ukoo, ya wapangaji wa jengo moja, mnaniambia kazi hiyo inachosha. Poleni. Mnagusa jina la mtu, mnagusa "ondoa", ameondoka, kisha mnajinyoosha kama waliotoka kulima. Mimi niliifanya kazi hiyo miaka mingi, tena nikilipwa mshahara, na wakati huo hakukuwa na cha kugusa. Kila kitu uliandika kwa mkono, na ukikosea herufi moja ulimtupa nje mtu asiye na kosa.

Chumba chetu kiliitwa Jamvini. Kilikuwa chumba cha mazungumzo kwenye intaneti, hakina picha wala sauti, maandishi tu yakipanda kwenye kioo mstari kwa mstari, na upande wa kulia majina ya waliomo. Waswahili wa Ghuba walikuwa humo: walinzi wa majengo, wahudumu wa hoteli za Marina, madereva, yaya waliopewa ruhusa na madam zao siku ya Ijumaa, hata jamaa mmoja aliyelinda shamba la mitende huko Hatta na kutueleza habari za punda kila wiki. Na ndugu zetu waliobaki nyumbani waliingia kutoka saiba za kwao.

Mbele ya majina mengine palikuwa na ile alama ya herufi a iliyozungushiwa mkia, mnayoiona kwenye anwani za barua pepe. Sisi tuliiita kofia. Mwenye kofia aliweza kumtoa mtu nje, kumfungia asirudi, au kufunga midomo ya chumba kizima. Midomo ikifungwa, walioweza kusema walikuwa wenye kofia tu na wale waliopewa alama ya kujumlisha, ambayo tuliiita mdomo. Wengine walisoma wakinyamaza kama watu walio ibadani.

Sasa Bawabu. Bawabu ilikuwa programu iliyokaa chumbani saa zote, haili, hailali, ikikumbuka nani ana kofia na nani ana mdomo, ili ukitoka na kurudi ikuvike chako. Ukimtajia Bawabu anwani ya mtu mkorofi, alimfagia na kumsimamia mlangoni asirudi. Aliyejua neno la siri la Bawabu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Neno hilo walilijua watu wawili tu hapo Al Twar, Bi Zuwena na mimi. Wa tatu alikuwa binamu yake aliyekaa Sharjah, na mtashukuru hivi punde kwamba alikuwapo.

Mimi sikuajiriwa kwa kazi hiyo. Niliajiriwa kufagia. Shule niliiacha kabla ya kumaliza la nane, mwaka ambao baba na mama waliondoka duniani wakifuatana, nikabaki na wadogo watatu na shamba la mahindi. Nilifika Dubai kama mlinzi wa jengo lililokuwa likijengwa Marina. Jengo lilipokwisha na kazi ikaisha, mtu akanielekeza kwa Bi Zuwena, ambaye wazazi wake walitoka Unguja zamani akiwa bado mtoto wa kubebwa, na ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kushika ufagio.

Niliingia nikasema, "Habari, madam."

Akanitazama juu ya miwani. "Madam yuko Jumeirah. Hapa pana Bi Zuwena. Na mtu mzima huamkiwa, haombwi habari."

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Wazijua kompyuta?"

"Najua kuzifuta vumbi."

"Basi umewazidi waliokutangulia. Wao walizijua, ila hawakuzifuta."

Ndivyo nilivyopata kazi, na yeye ndiye akawa kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu. Jamvini lilikuwa lake. Alilianzisha kwa akili ya biashara. Alikuwa akisema mtu anayekuja kusoma barua pepe hukaa kidogo akaenda zake, bali mtu wa Jamvini hukaa mpaka kiyoyozi kinamzoea. Alipoona ninafika kwa wakati na sijibizani na wateja, alinivika kofia, nami nikaivaa kama askari aliyepandishwa cheo.

Wiki ile ile nikaonyesha uwezo wangu. Palikuwa na mtu aliyejiita Simba Mkali, akimtania dada mmoja maneno yasiyopendeza. Nikaona kumtoa kwa jina hakutoshi, kwa sababu mtu akifungiwa jina hubadilisha jina akarudi akicheka. Nikafanya ya kitaalamu: nikasoma anwani yake, nikamtajia Bawabu. Bawabu akafagia. Papo hapo saiba yetu yote ikalipuka kelele. "Intaneti imekatika!" "Kioko, nirudishie saa yangu niliyoilipia!" Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimetolewa nje.

Bi Zuwena akanyanyuka. "Kioko mwanangu, umemfungia nani?"

"Simba Mkali, Bi Zuwena. Kwa anwani."

"Simba Mkali ni yule pale anayekula sambusa. Mashine za saiba moja hutoka nje kwa anwani moja. Umemfungia yeye, umenifungia mie, umejifungia wewe, na sambusa yake humo humo."

Binamu wa Sharjah akapigiwa simu, akaingia na neno la siri, akatufungulia kutoka nje kama majirani wanavyomfungulia mtu aliyejifungia chooni. Simba Mkali alinunua sambusa nyingine kushangilia.

Kwa hiyo, vijana wangu, kabla ya kufunga mlango, tazama kwanza nani mwingine analala katika nyumba hiyo. Hili lishikeni, litarudi.

Mengine nilijifunza kwa kumtazama mama huyo. Yeye alipokuja kupiga soga alivua kofia yake kwanza, akakaa na watu jina tupu. Alisema mwenye kofia akichekesha, watu hucheka hata kisichochekesha, na hapo chumba kimeshaharibika. Mtu aliyeomba kofia hakumpa. Aliyempa ni yule aliyekaa muda mrefu akiwaelekeza wageni bila kutumwa, na alimpa mdomo kwanza, amtazame atausemea nini. Na alitukataza kabisa kumpa mpenzi neno la siri la kuingilia kwa jina lako. Mlinzi mmoja wa Qusais alilipuuza hilo. Mapenzi yalipokwisha, yule dada aliingia kwa jina la mlinzi, akiwa na kofia yake, akamtoa nje kila mwanamume aliyekuwapo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akimwandikia sababu: "Nyote ni wale wale." Tulipomrudisha mlinzi wetu, hakuingia Jamvini kwa muda mrefu. Lakini wanawake walikisifu sana chumba wiki hiyo.

Sasa ile siku.

Mwende nilimleta Dubai mwenyewe, akawa keshia kwenye mkahawa wa hoteli Marina. Huko akakutana na Wafula, aliyekuwa akipokea mizigo ya wageni. Kijana mzuri, mpole, Mbukusu. Walitaka kuoana, na likizo zao kwa bahati ziliangukia mwezi mmoja. Tatizo lilikuwa posa. Bila wazee kuketi na kuzungumza, hakuna harusi, na wazee walikuwa Machakos na Bungoma, na waliohusika wengine tulikuwa Al Twar. Nauli za wazee kukutana hazikuwapo, na simu za wakati huo zilimeza pesa kabla salamu hazijaisha. Likizo hiyo ikipita bila posa, iliyofuata ilikuwa baada ya miaka miwili, na nyinyi mnajua miaka miwili ya Dubai inavyoweza kuwafanya watu wasijuane.

Nikasema posa ifanyike Jamvini.

Msicheke. Ukiangalia vizuri, posa na chumba kile vilifanana. Katika posa si kila mtu husema. Msemaji wa huku anasema, msemaji wa kule anajibu, wengine wanasikiliza. Na baba wa msichana, kwetu sisi, anakaa kimya mwanzo hadi mwisho, kwa sababu akifungua kinywa ataonekana anauza mtoto. Baba yetu hakuwapo, kwa hiyo baba wa Mwende siku hiyo nilikuwa mimi. Msemaji wetu alikuwa Mjomba Mutua. Nikapanga: midomo yote ifungwe, Mjomba apewe mdomo, Mzee Barasa apewe mdomo, na Jogoo naye apewe, kwa sababu mashine ya Barasa ilikuwa na tabia ya kuganda.

Siku moja kabla, Mjomba Mutua alienda saiba kufanya mazoezi. Akanipigia simu.

"Kioko, huyo Bi Zuwena ni nani kwetu?"

"Ni bosi wangu, mjomba."

"Kwa nini jina lake lina kofia na langu lina kamsalaba?"

"Hako kamsalaba ndiko kanakokuwezesha kusema, mjomba. Kofia ni ya kufungua na kufunga milango tu."

"Yaani mimi niende kumwoza binti wa dada yangu nikiwa kichwa wazi, na mama wa watu amevaa? Wale Wabukusu wakiona?"

Mwaka ule wazazi walipoondoka, Mjomba Mutua ndiye aliyekuja na ng'ombe wake wawili akatulimia shamba kabla hajalima lake. Nikamvika kofia. Bi Zuwena alipoona jina limebadilika akatikisa kichwa.

"Aliiomba?"

"Aliiomba, Bi Zuwena. Lakini ni mjomba wangu."

"Haya. Kesho tutaona mjomba na mlango."

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, tukaanza. Saiba ilikuwa kimya; Bi Zuwena aliwaambia wateja waliobaki kwamba yeyote atakayecheka kwa sauti atalipa saa mbili. Mjomba Mutua alianza kwa kumsalimu Bawabu, kwa sababu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Bawabu hakujibu. Mjomba akauliza ni wa ukoo gani asiyeitikia salamu. Mama wa saiba akamweleza, naye akaandikisha: "Basi tumsamehe."

Mzee Barasa akafungua kwa adabu. "Sisi ni wapita njia. Tumeona moshi kwenu, tukasema penye moshi pana msichana anayepika."

"Karibuni," akajibu Mjomba. "Moshi upo. Wasichana tunao wengi. Mnamtafuta yupi?"

"Yule aliyevuka maji akaenda kuwapikia Waarabu, kijana wetu akanusa."

Mwende akanifinya bega. "Mimi sipiki! Mimi ni keshia! Kioko, waambie."

"Mwe, tulia," akasema Wafula. "Ni maneno ya wazee tu."

Yalikuwa yakienda vizuri hivyo. Mjomba akasema kwetu Ukambani lazima wale mbuzi watatu wa ntheo watangulie, bila hao mke si wako hata mkizeeka pamoja. Barasa akasema kwao watu huhesabu ng'ombe, lakini mbuzi nao wana miguu minne, watajadiliana. Tukacheka taratibu kwa kuogopa saa mbili. Ndipo Jogoo alipoona naye ana mdomo.

"Tuambiwe mapema," akaandika, "huyo keshia anajua kusonga ugali, ama anajua kutoa risiti tu?"

Mimi niliona ni utani wa kawaida wa posa. Machakos hawakuuona hivyo. Barasa akajaribu kupooza. "Msimjali huyu. Sisi hatukuja mikono mitupu. Tumekuja na"

Hapo ndipo sentensi yake iliishia. Chini yake pakatokea mstari wa Bawabu: Mutua ameifungia anwani. Halafu majina yakaanza kudondoka. Jogoo ametolewa nje. Mzee Barasa ametolewa nje. Wazee wengine wote wa Bungoma, waliokuwa wakisoma kwenye mashine za pembeni, wametolewa nje.

Mama wa saiba ya Machakos, masikini, alikuwa fundi kuliko nilivyodhani. Mjomba alimwambia, "Mtoe huyo jogoo asirudi tena," naye akafanya ya kitaalamu, kama mimi na Simba Mkali. Kosa hilo, vijana, si la kompyuta. Ni la watu kama sisi, tunaoona aibu mkubwa wetu kukaa bila cheo, tukampa silaha ili apendeze.

Na kilichonimaliza ni kwamba Mjomba hakuelewa. Akaendelea: "Haya, amekwenda. Mzee Barasa, mlikuwa mnasema mmekuja na nini?" Kimya. "Mzee Barasa, msione haya. Semeni."

Wafula alikuwa ameshasimama, simu sikioni. Akaiweka mezani tusikie wote.

"Baba, ni kompyuta tu, subiri kidogo."

"Wafula." Sauti ya Barasa ilikuwa ya taratibu, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mimi nimeposea watu tangu hujazaliwa. Nimewahi kufukuzwa na mbwa. Nimewahi kumwagiwa maji ya vyombo. Sijawahi kufungiwa mlango katikati ya neno."

"Ni bahati mbaya, baba."

"Mwenye saiba amenisomea. Imeandikwa Mutua. Mutua ni kompyuta? Baba wa huyo msichana yuko hapo?"

"Hana baba. Kuna kaka yake mkubwa, Kioko, ndiye aliyesimama."

"Ameona?"

"Ameona, baba."

"Na amenyamaza. Sawa. Msichana hana kosa, lakini hiyo nyumba imetufukuza. Mimi nachukua kofia yangu, naenda stendi."

Mwende akanigeukia. Machozi yalikuwa tayari. "Kioko, ongea naye. Si uko hapo! Ongea!"

Nilitikisa kichwa. Ningesema neno moja, hata la kuomba radhi, ningekuwa baba aliyebembeleza watu wamchukue binti yake, na Barasa angekuwa na sababu ya pili ya kuondoka. Nilimlea Mwende tangu hajui kufunga vifungo vya sare. Sikutaka aingie kwa watu akiwa amebembelezewa. Lakini pia sikutaka asiingie.

Bi Zuwena akavuta kiti chake karibu nami. "Kinywa umekatazwa," akasema. "Na mikono je?"

Nikaelewa, nikavuta kibodi. Akainua ile simu mezani.

"Mzee Barasa, as-salaam alaykum. Mie Zuwena, mwenye saiba hii. Basi halitakukimbia, yatakuja mengine. Keti kidogo tu, huyo mwenye saiba yako akusomee kitakachoandikwa sasa. Halitasemwa neno. Wewe sikiliza mistari."

Nikampa Bawabu neno la siri. Kwanza nikaiondoa ile anwani, mlango ukafunguka, na mwenye saiba wa Bungoma akaingia kusoma. Hilo lilikuwa jepesi. Kisha nikaandika jina la Mjomba Mutua, na mkono ukagoma. Kumvua mjomba kofia mbele ya wakwe, mjomba yule wa ng'ombe wawili! Nikaona tena shamba letu lilivyokuwa limelimwa. Halafu nikabonyeza. Mutua amevuliwa kofia.

Nikaandika jina langu. Kioko amevuliwa kofia.

"Na yangu?" akauliza Bi Zuwena.

"Na yako, Bi Zuwena. Tafadhali."

"Alaa! Chumba changu, umeme wangu, na kofia yangu yavuliwa kwa ajili ya mbuzi wa watu!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Vua, mwanangu. Vua."

Mstari wa mwisho ulikuwa huu: Mzee Barasa amevikwa kofia.

Kwa wale ambao hawajafuata: chumbani hakubaki mtu wa upande wetu mwenye kofia. Ufunguo wa nyumba ya msichana ulikuwa mkononi mwa mgeni aliyetukasirikia. Angetaka, angetufagia sote na kwenda zake stendi. Sijawahi kufundisha mtu afanye hivyo, wala siwashauri. Kofia haipewi mtu mwenye hasira. Lakini nilikuwa nimeona anachodai, nacho hakikuwa maneno.

Tukangoja. Wafula alilegeza tai. Kwenye simu tulimsikia mwenye saiba wa Bungoma akisoma mistari ile polepole, kisha akieleza kofia ni nini, kisha Barasa akiuliza, "Yote? Wamenipa mimi yote?" Simu ikakatika.

Jina la Mzee Barasa likaingia tena chumbani, na Bawabu akamvika kofia yake. Halafu mstari mmoja:

Mzee Barasa amemtoa nje Mutua. Sababu: ili naye aonje.

Mwende akapiga ukelele ambao ungemgharimu saa mbili mtu mwingine yeyote. Lakini hapo hapo Barasa akaandika: "Sasa tumelingana. Mwiteni mkwe arudi tuendelee."

Mtu hamwiti mwenzake mkwe kwa bahati mbaya. Bi Zuwena akasema "Alhamdulillahi" kabla yetu sote.

Mjomba alichukua muda kurudi. Nilijua anavyokaa akikasirika, mikono magotini, na nikaogopa kwamba sasa atakayechukua kofia ni yeye. Hatimaye jina lake likatokea, na mdomo wake mbele. Akaandika: "Nimerudi. Huko nje kuna baridi kweli."

"Tunaijua," akajibu Barasa. "Tulikuwa huko sasa hivi."

Basi wakaendelea. Neno lililokatika lilimalizwa, mbuzi na ng'ombe wakapatanishwa, na Jogoo aliombwa na wazee wake mwenyewe arudishe mdomo wake kwa Bawabu. Mwishoni Barasa akasema limebaki jambo moja dogo. Nyumba iliyofungia wageni mlango lazima imlipe mgeni. Kwa hiyo upande wa msichana, ambao kwa desturi zote za dunia hupokea, utatoa mbuzi mmoja dume, na jina lake ni mbuzi wa mlango. Hatatumwa mtu amlete. Hatabadilishwa kuwa pesa. Ataletwa Bungoma na baba wa msichana, kwa mkono wake mwenyewe, afike mlangoni, abishe, afunguliwe.

Mazungumzo yakafungwa, na baba wa msichana akaruhusiwa kusema. Neno langu la kwanza Jamvini siku hiyo lilikuwa: "Nimekubali."

Kesho yake Mjomba alinipigia. "Ile kofia," akasema, "ulinivua mbele ya watu." Nikasema ndiyo, mjomba. Akaendelea, "Ilikuwa inanibana hata hivyo." Tangu siku hiyo akawa anasimulia kwamba siku ya posa alikuwa shambani.

Mwende na Wafula waliiwahi likizo yao, wakaoana Machakos, na Barasa alikuja na wale mbuzi watatu wa ntheo, akacheza ngoma kuliko vijana. Mimi nilikuwa na siku chache tu, nikarudi kazini. Likizo iliyofuata nilimzika Mjomba. Nyingine nilimjengea nyumba mdogo wangu mwingine. Bungoma ilikuwa kila mara mbali kidogo kuliko likizo yangu.

Saiba yetu ilifungwa simu zilipoanza kuwa na kila kitu ndani. Watu wakatoka Jamvini mmoja mmoja bila kuaga, kama mnavyofanya nyinyi kwenye makundi yenu. Mwishoni alibaki Bawabu peke yake. Kabla ya kuzima mashine nilimwuliza nani mwenye kofia, naye akanijibu kama siku zote. La kwanza lilikuwa jina la Mzee Barasa. Hakuna aliyewahi kumvua. Bi Zuwena alisoma juu ya bega langu, akaniambia, "Nenda kwenu, Kioko. Lakini mbuzi wa watu usimsahau."

Sasa nimestaafu, niko Machakos, na mbuzi nimemchagua. Ni dume la rangi ya kahawia, na wajukuu wa Mjomba wamempa jina la Bawabu kwa sababu anasimama langoni na haitikii salamu. Wiki iliyopita Mzee Barasa alinipigia, kama anavyofanya kila mara mvua inapoanza. Sauti imekuwa nyembamba, lakini utani uko pale pale.

"Mbuzi wangu yuko wapi, mkwe? Amekwama uhamiaji?"

"Yuko tayari, mzee. Goti langu tu linasumbua kidogo. Nakuja mvua zikikatika."

"Mvua za mwaka gani? Kioko, meno yangu yamebaki machache. Usije ukaniletea mbuzi nikiwa mtu wa uji."

"Nakuja, mzee."

"Na ufikapo bisha kwanza. Kofia bado ninayo."

Mvua bado inanyesha. Mbuzi yuko langoni kwangu, anakula.